Kila Mtu Apige Japo Moja

Mama yangu Somoe,

Habari za maji ya kuchemsha, blanketi zito na wanaume wa Mbeya mama yako amekwisha kukupa, tena kwa kirefu, nilikuwa namsikia kutoka uani. Mimi sina la kuongeza hapo. Nikirudia aliyoyasema ataona namkosoa, na usiku huu sitaki ugomvi na mtu. Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo nitafoka. Nikifoka utanuna, ukinuna utajifungia chumbani, na kesho utaondoka kwenda chuo tukiwa hatusemeshani, maana mimi na wewe wote vichwa vyetu vigumu.

Leo mchana mama yake Kunguru alikuja mezani kwangu sokoni Mchikichini. Ndiyo, huyo huyo Kunguru wenu wa kwenye gemu. Anataka ufike kwake Magomeni kesho asubuhi, na saa hiyo basi lako litakuwa limeshaipita Kibaha. Kwa hiyo una la kuamua kabla hakujakucha. Lakini kabla hujaamua nataka nikumalizie habari ya yule mwizi wa kiatu. Ile niliyokusimulia tukila ilikuwa nusu. Nusu ya pili nimekaa nayo tangu hujazaliwa, hata mama yako haijui.

Ukumbuke ilivyoanza. Tangu ulipokuwa kidato cha tatu wewe na wenzako mmekuwa mnajenga mji humo kwenye gemu, kitofali juu ya kitofali, kila mmoja akiwa kwao na simu yake. Wewe ndiye admini. Unafungua mlango, unafunga mlango, unagawa viwanja bila rushwa, jambo ambalo sijaliona kwingine. Mwanzoni nilikuwa nakugombeza, nakuambia utapofuka. Halafu siku moja ukaniita, "Baba, njoo uone." Nikaona soko. Nikaona meza yangu mwenyewe, na mwavuli wake uliochanika, na viatu vimepangwa mguu mmoja mmoja kama tunavyovipanga sisi: mguu mmoja juu ya meza, wa pili ndani ya kiroba chini, ili mwizi akichukua asipate cha kuvaa. Hata hilo ulikuwa umeliona, mtoto wewe. Nilikohoa tu nikatoka nje, lakini kuanzia siku ile sikukugombeza tena.

Kisha akaja huyo aliyejiita Kunguru. Mkamzoea, ukampa kulinda ghala. Akakomba kila kitu kilichokuwa kwenye masanduku yenu, akamwaga moto kuanzia msikitini mpaka sokoni, na pale palipokuwa na meza yangu akaandika kwa vitofali vyeusi, herufi kubwa: LIENI. Na kweli ulilia. Ulilia mpaka ukatapika kwenye beseni la vyombo. Mimi nilitazama ile meza inaungua, na wallahi nilikasirika kama vile ni ya mbao za kweli.

Jioni ile tukila ukaniuliza, "Baba, pale sokoni mwizi mnamfanyaje?"

Nikakusimulia. Nilisimulia kwa kuchekesha, unanijua. Nikasimama kabisa na tonge mkononi, nikaigiza. Nikakuambia kwamba nilipokuwa kijana, sina muda mrefu tangu nitoke Masasi, alikuja jamaa mmoja mezani akachukua kiatu cheusi cha ngozi, akakibana kwapani akaondoka zake taratibu kama anakwenda ofisini. Mguu mmoja! Mama yako alicheka mpaka akapaliwa. Nikakuambia nilipiga kelele za mwizi, soko lote likaja, na kwamba pale tuna desturi yetu: mwizi akikamatwa, kila mwenye meza apige japo moja. Asiyepiga, huyo ni mwenzake. Ukauliza, "Halafu?" Nikasema, "Halafu kiatu kikarudi, tukaendelea na biashara." Ukaitikia kwa kichwa polepole, umeacha kula. Nilifurahi kuona unanisikiliza. Siku hizi hunisikilizi sana.

Haikupita wiki mkamnasa. Uliniita tena, "Baba, njoo uone." Mlikuwa mmemchimbia shimo refu, na chini yake mmeweka kitanda, akifa anafufukia pale pale. Wenzako walikuwa wamejipanga mdomoni mwa shimo. Mmoja anaruka ndani anamkata kwa shoka, anakufa, anafufuka. Wa pili anamchoma moto, anakufa, anafufuka. Wa tatu anamzamisha. Naye anaandika, "Basi jamani. Nimekoma. Basi." Mnasoma, mnacheka. Nikakuuliza kwa nini asizime simu yake akalale. Ukanijibu, "Tumemwambia akivumilia mpaka wote tumalize, tutamsamehe. Akizima tu, haingii tena." Alivumilia, Somoe. Tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi alikuwa anafufuka na kuuawa. Na wewe ulikuwa unarekodi sauti kwenye grupu lenu, ukiwaita wasiofika: "Kila mtu apige japo moja! Asiyepiga naye mwizi!"

Nilisikia maneno yangu yanatoka kinywani mwako na nikaona fahari. Ukaninyooshea simu, "Na wewe baba, kachoma meza yako." Nikapiga. Kidole changu hiki kilichoota sugu kwa kushona soli nikakibonyeza, nikaona kichwa cha yule kikaragosi kinaruka. Nikacheka.

Walipomaliza wote, ukamfungia. Moja kwa moja, asiingie tena. Nikasema, "Si mlimwahidi?" Ukasema, "Baba, mwizi anaahidiwa?" Nikacheka tena. Ningekuzaba kibao saa ile tungekuwa mahali pengine leo, lakini nilicheka.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Mtu mmoja akaandika kwenye grupu kwamba humo ndani hafi, afuatwe kwao. Mwingine akapata jina lake la kweli, Hamadi, na picha yake, na nyumba yao kule Magomeni. Wewe ukayabandika yote juu kabisa, kila mwanakikundi ayaone, na ile sauti yako ukaituma tena pamoja nayo. Hukwenda. Ulikuwa jikoni unamenya viazi. Uliporudi kushika simu ukaona picha walizotuma, ukaja kwangu rangi imekutoka. "Baba, wamekwenda kweli." Nikakuuliza, "Wewe ulikuwepo?" Ukasema, "Sikuwepo. Mimi sikumgusa." Nami baba yako, mtu mzima mwenye mvi, nikakuambia basi nyamaza, futa kila kitu, lala.

"Mimi sikumgusa." Unajua ni wapi nimeyasikia maneno hayo? Ngoja sasa nikupe ile nusu.

Yule mwizi wa kiatu hakukimbia. Niliposema "Mwizi!" yeye mwenyewe aligeuka kutazama mwizi yuko wapi. Hapo ndipo wakamdaka. Muuza mikanda alikuwa wa kwanza, akamchapa ya uso kwa mkanda, upande wa chuma, shavu likafunguka mpaka nikaona meno yaliyo ndani. Akashika uso kwa mikono miwili. Muuza sketi, mama mmoja mpole aliyekuwa akinikopesha chai, akaja na lile gongo la kutungulia nguo akampiga kisogoni. Akaanguka kando ya mtaro. Watu walikuwa wanatoka kila njia, wengine wakiwa na wateja wao, wanawaambia wateja, "Nisubiri kidogo, naja." Wanapiga, wanarudi kumalizia kupunguza bei. Msukuma mkokoteni mmoja alinyanyua tofali kwa mikono miwili akamwachia mgongoni. Nilisikia mbavu. Wanaosema mfupa ukivunjika unasikika kama kijiti hawajausikia. Unasikika kwa ndani, kwenye tumbo lako wewe uliyesimama.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, sijapiga bado. Wakaanza kuita, "Mwenye mali! Mwenye mali yuko wapi? Apige!" Wakanisukuma mpaka mbele, mtu akanipa mkononi kile kiatu.

Jamaa akafumbua jicho lililobaki akanitazama. Akaniambia kwa lugha ya kwetu. Si Kiswahili, mama. Kwa lugha ya kwetu, ile bibi yako Somoe aliyokuwa akitugombezea tulipokuwa watoto. Nadhani alinijua kwa lafudhi nilipopiga kelele. Akasema, "Kaka, sikujua kwamba kiko kimoja."

Basi. Hakusema hakuiba. Aliiba, na sitaki udhani namtetea. Alikuwa mwizi mgeni, kaja mjini juzi au jana, hajui hata kwamba viatu vya mezani havina pacha. Mtu yeyote wa Dar angejua. Mimi mwenyewe nilipofika kutoka Masasi nilimuuliza muuza viatu mmoja, "Hawa wateja wenu wote wana mguu mmoja?" Nikachekwa wiki nzima. Kwa hiyo nilimwelewa kabisa, neno kwa neno, mimi peke yangu katika soko zima.

Watu wakasikia ile lugha. Wakatulia kidogo. Mmoja akaniuliza, "Anasemaje huyu? Mnajuana?"

Hapo ndipo, Somoe. Ningesema, "Ni wa kwetu huyu, mwacheni, kiatu nimepata." Maneno ya kusema kwa pumzi moja tu. Lakini niliyaona macho ya watu yanahama. Yalikuwa kwake, yanaanza kuja kwangu. Muuza mikanda alikuwa bado anauzungusha mkanda wake. Nikasema, "Simjui." Kisha nikakiinua kile kiatu, kisigino kikiwa mbele, nikampiga usoni. Na sikupiga moja. Nilipiga pua ikalala, nikapiga mdomo, nikapiga lile jicho lililokuwa linanitazama. Kila nilipopiga nilihisi macho ya watu yananiachia kidogo, kwa hiyo nikaendelea kupiga. Mtu akanishika mkono akasema, "Inatosha, mshikaji, umempiga." Alinisifu, unaelewa? Alinipigapiga begani.

Gari la polisi likaja. Askari akashuka akatazama pale chini, akauliza, "Nani kampiga huyu?" Muuza mikanda akajibu, "Wananchi wenye hasira kali, afande." Askari akaniuliza mimi, maana nilikuwa karibu. Nikasema, "Mimi sikumgusa." Damu ilikuwa mpaka kwenye kiwiko. Aliiona. Aliniangalia, akaangalia soko lilivyojaa, akaona kazi ya kuandika majina ya soko zima itamchukua mpaka kesho. Wakamrusha nyuma ya gari. Mguu mmoja ulikuwa unaning'inia nje, askari akauingiza ndani kwa teke. Alikuwa amekwisha kufa. Najua mtu aliyekufa anavyokaa.

Hii desturi yetu niliyokusimulia kwa kuchekesha, nimekuja kuielewa baadaye sana. Si kwamba kila mtu apige ili mwizi akome. Kila mtu anapiga ili asipatikane aliyeua. Muuza mikanda alipiga kidogo, muuza sketi kidogo, mimi kidogo, na kifo hakina mwenyewe. Tulikula chakula cha mchana siku ile. Na kile kiatu, mama, nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikapaka rangi, nikakitolea pacha wake kwenye kiroba. Kiliuzwa kabla jua halijazama. Aliyekinunua alikuwa mwalimu, akanishukuru kwa kumpunguzia.

Kule kusini kuna mama, ukimuuliza leo habari ya mwanawe atakuambia yuko Dar es Salaam anahangaika na maisha, hajapata tu nafasi ya kupiga simu. Nimemfikiria mama huyo kila mwaka. Nikijaribu kumwona usoni namwona bibi yako, ndiyo maana ulipozaliwa nililing'ang'ania jina lake, mama yako akitaka la kisasa.

Sasa nikuambie ya leo.

Nilikuwa napanga viatu vya watoto. Akasimama mwanamke mbele ya meza, amevaa dera la kijani, macho yamemvimba. Nikamkaribisha, "Karibu dada, angalia, vyote ni vya leo." Hakuangalia viatu. Akasema, "Nimeambiwa wewe unajua vijana wa mtaani kwenu wanaocheza kwenye simu. Mwanangu wamempiga." Akanieleza, na alikuwa anaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayenunua vitunguu, mpaka nikaona vidole vyake vinavyokunja na kukunjua pindo la mtandio.

Hamadi alikuwa ametumwa mkaa. Wakamwita kwa nyuma, "Kunguru!" Akageuka kwa kutabasamu, akidhani ni mwenzake wa kwenye gemu kaja kumtembelea. Na kweli walikuwa wenzake. Wakamwangusha kwa teke la goti, wakaanza na mikanda. Angepiga kelele labda majirani wangemwokoa, ila mmoja wao aliwahi kupiga kelele kabla yake: "Mwizi! Mwizi!" Hapo mtaa wote ukatoka. Unaujua mji huu. Neno hilo likishatamkwa hakuna anayeuliza kaiba nini. Watu waliomwona anakua, watu aliowaamkia shikamoo asubuhi ile ile, walikuja na mawe. Kijana wa bodaboda, mgeni kabisa, alisimamisha pikipiki yake, akachukua bomba la chuma, akamvunja mkono mara mbili, juu na chini ya kiwiko. Kisha ndiyo akauliza, "Kwani kaiba nini?" Wakamwambia, "Vitofali. Vya kwenye simu." Akawatazama, akawasha pikipiki akaondoka.

Taya limefungwa waya. Meno ya mbele hakuna. Jicho la kushoto limezibwa, na daktari hasemi kama litaona. Ana umri wa miaka kumi na sita.

Halafu yule mama akatoa simu akasema kuna binti ndiye aliyewatuma, sauti yake anayo, anaizungusha mtaa hadi mtaa kutafuta mtu anayeijua. Akabonyeza. "Kila mtu apige japo moja! Asiyepiga naye mwizi!" Sauti yako pale katikati ya Mchikichini, watu wanapita na mafurushi. Akaniuliza, "Baba, unamjua huyu binti?"

Nikasema, "Simjui."

Akashukuru. Alinishukuru, Somoe! Akaondoka kwenda meza ya pili, nikamwona anabonyeza tena, jirani yangu anatikisa kichwa. Na mimi nimesimama na kiatu cha mtoto mkononi, nimesema neno lile lile mahali pale pale. Niliacha meza, sikumwambia mtu anitazamie, nikamfukuza katikati ya watu mpaka karibu na barabara ya mwendokasi, nikamshika bega. Nikamwambia, "Dada, nimekudanganya. Ni mwanangu. Anaitwa Somoe. Na maneno hayo kayatoa kwangu."

Nilitaka anipige. Ningempa hata mkanda. Alinitazama tu, akarudia jina lako taratibu kama analiweka mahali. Kisha akasema, "Mlete amwone."

Nikamuuliza akija itakuwaje. Akasema, "Nyumbani kuna kaka zake. Mimi naweza kuwaambia wakae kimya. Kama watakaa sijui, siwezi kukuahidi." Huo ndio ukweli wenyewe na nimekuletea bila kupunguza. Naogopa. Tangu mchana nawaza mikono ya wale kaka juu yako, na nikiwaza hivyo natamani nikuamshe sasa hivi nikupeleke stendi mwenyewe, ulale hapo hapo kwenye benchi mpaka basi liondoke.

Lakini nikikusaidia kukimbia nitakuwa nakufundisha mara ya pili.

Utaniuliza, basi Kunguru alistahili nini? Maana aliiba kweli, na alichoma kweli, na aliandika LIENI. Nimeliwaza hilo njia nzima kutoka sokoni. Mama yake aliniambia kitu ambacho wewe hukuniambia: kwamba kabla ya kuchoma, mlimbomolea nyumba yake humo ndani mkipanua njia ya soko. Alikuwa ameijenga likizo nzima, akaamka akakuta barabara. Mlimuuliza? Mlimpa kiwanja kingine? Mwaka ule niliojaribu Kariakoo nilivunjiwa kibanda changu nikiwa na mteja anajaribu kiatu, najua mtu anakuwaje siku hiyo. Hilo halimfanyi asiwe mwizi. Ila ni la kusikilizwa kabla mtu hajachimbiwa shimo.

Mimi ningemfanya ajenge. Alichochoma akirudishe kitofali kwa kitofali, mkiwa mmekaa mnamtazama, na mmoja wenu amsaidie asije akaifanya kazi kwa kinyongo. Arudishe mali za ghala. Funguo asishike tena kwa muda, na aambiwe muda huo unaisha lini. Na wewe kama admini uyaseme hayo kwa jina lako, "Mimi Somoe nimeamua hivi, mwenye neno aje kwangu." Kama ukikosea, kuna mtu wa kuulizwa. Mbona ni kazi ndogo? Mimi sikuifanya, na wewe hukuifanya. Tuliona raha, wewe na mimi. Adhabu ikishaanza kunoga, mama, ujue imekwisha kuharibika, na ile ya shimoni ilinoga, usinidanganye. Nilikuwa nimekaa pembeni yako.

Huko chuo mnakwenda kufundishwa kutengeneza hayo hayo magemu. Siku moja utashika mlango wa mji wenye watu wengi kuliko Kariakoo yote. Utakuwa na vitufe vya kumfungia mtu, kumzima, kumwanika. Wengine watakuwa wanakupigia kelele umalize. Sijui nikushauri nini kuhusu mashine, mimi nafahamu soli na gundi. Najua tu namna mtu anavyojisikia akiwa mbele ya umati, umati unamsubiri apige, na aliyelala chini anamtazama.

Tiketi iko juu ya begi lako, sijaigusa. Basi ni saa kumi na mbili. Ukiamua kupanda, panda. Sitakulaani, sitakunyima pesa ya matumizi, na mama yako hatajua kwa mdomo wangu. Ila Magomeni nimeahidi saa mbili, na mimi nitakwenda uwe upo au haupo. Ukija, utavaa viatu vya kufunga kamba, utatembea upande wangu wa ndani, na ukifika utamwamkia yule mama kabla ya neno jingine. Wale kaka wakiinuka nitasimama mimi. Sina mwili tena wa kupigana, lakini wa kupigwa ninao.

Nilikuwa nimeshaagana na yule mama nikavuka barabara, akaniita. "Baba Somoe," ndivyo alivyoniita, jina lako lilikuwa limeshamkaa. Akasema kuna kitu Hamadi anakiuliza kila akiamka. Hasemi vizuri kwa ajili ya zile waya, kwa hiyo anaandika kwa mkono uliobaki. Haulizi nani kampiga. Anaandika, "Bado nimefungiwa?" Na yule mama haelewi, anamwambia, mwanangu, hujafungiwa, uko chumbani kwako, mlango uko wazi. Anaendelea kuandika hivyo hivyo. Akaniuliza kama mimi najua amefungiwa wapi.

Nikamwambia mimi siwezi kumweleza vizuri, anayejua anakuja kesho asubuhi.

Baba yako.